Mazungumzo ya Nyumbani: Hadithi za Siri Iliyofukiwa



Mwezi huu tumeona vema kujibu swali tuliloulizwa zaidi ya mara moja, na waalimu na akina mama pia. Swali lenyewe ndilo hili: Je, yafaa nyumba ya Kikristo kuwa na vitabu vya hadithi za mauaji na mafumbo, vile ambavyo vijana wetu huvisoma usiku kucha na asubuhi wakasinzia darasani? Mwalimu mmoja alitueleza kwamba alimwona mwanafunzi wake amekitia kitabu cha namna hiyo ndani ya kitabu cha hesabu. Akamnyang'anya, akaenda nacho nyumbani ili akitazame kama chafaa, naye mwenyewe asilale hata alipomjua mwuaji. Ndipo akatuuliza: "Nimrudishie, ama nisimrudishie?"

Tutamjibu mahali pake. Kwanza imetupasa kutazama hadithi hizi ni za namna gani, na kwa nini zawavuta watu, wakubwa kwa wadogo.

Umbo lake halibadiliki sana. Pana mji mdogo au kijiji, ambapo kila mtu amjua mwenzake, na amjua babu wa mwenzake. Siku moja mtu aonekana amekufa. Wengine husema ni bahati mbaya, wengine husema ni shetani, na wote hutaka maziko yaishe upesi. Lakini yuko mtu mmoja mwenye macho na subira. Yeye huuliza maswali madogo madogo: nani alifunga mlango, mbwa mbona hakulia, barua ilifika siku gani. Mwisho wake yaonekana kwamba mauti ya leo yana mizizi katika jambo la miaka 20 au 30 iliyopita: ndoa iliyokanwa, mtoto aliyefichwa, wasia uliochomwa moto. Jambo lile lilifukiwa, lakini halikufa.

Kule Uingereza mwandishi mashuhuri wa hadithi hizi alikuwa Agatha Christie. Mwaka 1930 alitoa kitabu ambacho ndani yake mtu auawa katika chumba cha kusomea cha kasisi, na kasisi mwenyewe ndiye asimuliaye habari. Afumbuaye fumbo si askari, bali ni bikizee asiyeolewa, Miss Marple, mfumaji wa sufu, akaaye katika kijiji kidogo. Elimu yake yote ni kuwatazama majirani zake. Aonapo jambo jipya hukumbuka jambo la zamani la kijijini kwake lililofanana nalo, na kwa njia hiyo huujua moyo wa mtu. Makasisi nao hawakuwa mbali na kazi hii. G. K. Chesterton alianza kutoa vitabu vya Father Brown mwaka 1911, naye huyo ni kasisi awajuaye wahalifu kwa sababu ameketi miaka mingi akisikia maungamo ya watu. Tena Ronald Knox, kasisi wa kweli, ambaye baadaye aliifasiri Biblia kwa Kiingereza, mwaka 1929 aliwawekea waandishi wa hadithi hizi kanuni 10. Moja ya kanuni zake ni hii: fumbo lisifumbuliwe kwa nguvu za mizimu wala mapepo.

Kanuni hiyo twaomba msomaji aishike moyoni, maana tutairudia.

Sasa tuje kwetu. Katika visiwa vyetu mwenye kuzianzisha hadithi hizi kwa Kiswahili alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Alikuwa mtu wa magazeti, na kalamu yake ilikuwa laini. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya kuandika hadithi ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1957–58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na nyingine. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko na fikira, na pembeni yake yupo rafiki yake Najum, ambaye huuliza yale ambayo sisi wasomaji twataka kuyauliza. Naye Spekta Seif ndiye mkono wa serikali.

Watu wa Pemba hawawezi kulisikia jina la Giningi bila kutikisa kichwa. Katika masimulizi ya kisiwa hiki Giningi ni mji wa wachawi usioonekana kwa macho, ambako husemwa kwamba watu hupelekwa usiku na kuliwa. Basi mwandishi aliichukua hofu hiyo ya zamani akaiweka juu ya jalada la kitabu, kisha akamleta Bwana Msa aitazame kwa macho ya mchana.

Kwa nini hadithi hizi zapendwa? Twaona sababu tatu.

Ya kwanza, twaujua mji ule. Mtu aliyekulia Weti, au Chake Chake, au Mkoani, hahitaji kuelezwa mji mdogo ni nini. Akipita barazani na mfuko mkononi, watu watano wamekwisha jua atokako, na wa sita amekwisha jua kilichomo mfukoni. Katika mji mkubwa mtu huificha siri yake kwa kufunga mlango. Katika mji mdogo siri haifichwi na mtu mmoja, kwa kuwa jirani ameiona, mkunga ameijua, na aliyechimba kaburi ameisikia. Hufichwa na watu wote pamoja, kwa kukubaliana kutoisema. Wazee wetu walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Basi msomaji wa mji mdogo asomapo hadithi hizi hashangai kwamba siri ipo, bali husikia tamu kuona kwamba hatimaye yuko mtu aliyethubutu kuuliza.

Ya pili, hadithi hizi huiamsha akili. Mwandishi mwaminifu huziweka dalili zote mbele ya msomaji, wala hafichi hata moja, ila huzitawanya kama karafuu zilizoanikwa jamvini. Msomaji huziokota moja moja. Akikosea hucheka, akipata hujisifu kidogo. Na hilo si dhambi kubwa.

Ya tatu, katika hadithi hizi kweli hudhihirika. Duniani tumeona wadhulumiwa wengi wakazikwa bila kusikilizwa. Kitabuni, kabla ya kurasa kwisha, aliyedhulumiwa hujulikana na aliyedhulumu hujulikana. Njaa hiyo ya haki ni njaa ambayo Bwana wetu aliwaita heri wenye kuwa nayo. Hatuwezi kuilaumu.

Lakini hadithi za pwani yetu zina jambo lao wenyewe, na hapo ndipo twataka kukaa zaidi. Katika hadithi za Ulaya kilichofukiwa mara nyingi ni fedha au cheo. Katika hadithi za visiwa vyetu kilichofukiwa sana ni nasaba: huyu ni mtoto wa nani, na kwa sababu hiyo shamba hili ni la nani.

Sababu zake zimo katika historia yetu. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba iliokoka, na tangu hapo utajiri wa karafuu ukawa Pemba. Mashamba yale yalilimwa na watumwa waliotolewa bara: Wayao, Wanyasa, Wamanyema, na kabila nyingine nyingi. Tarehe 6 Aprili 1897 ilitoka amri kwamba sheria haitaitambua tena hali ya utumwa Unguja na Pemba. Lakini masuria, yaani wanawake watumwa waliokaa na mabwana zao, hawakuingizwa katika amri ile. Wao walingoja mpaka mwaka 1909.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria, baba yake akimkubali, ni mtu huru, naye hurithi pamoja na ndugu zake wa mke wa ndoa. Basi maisha yote ya mtoto yalining'inia katika neno moja la baba: "Huyu ni wangu." Akilisema mbele ya watu, mtoto ni mwenye shamba. Akinyamaza, mtoto ni mtu wa kuokota karafuu katika shamba lile lile. Na baba akifa bila kusema, waliobaki wanaojua hunyamaza nao, kwa kuwa kila mmoja ana sehemu yake katika kunyamaza.

Waandishi wetu waliliona jambo hili. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976, asimulia habari za binti ambaye baba yake, mwenye mashamba, alimtilia shaka kwa rangi ya ngozi yake; na shamba alilokuja kupewa likawa sababu ya ugomvi na mauti baada ya baba kufariki. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa papa hapa Pemba mwaka 1947, katika Asali Chungu aonyesha masaibu ya kijana aliyezaliwa nje ya ndoa na tajiri asiyemtambua. Hizi si hadithi za upelelezi, na hazina Bwana Msa wa kutufariji. Lakini ni ndugu wa hadithi zile, maana zote zasema neno moja: asili ikifichwa, wadhulumiwao ni watoto ambao hawakuwa na kosa.

Kuna masimulizi ya kale ambayo kila mtoto wa Pemba huyasikia. Huko Pujini, upande wa mashariki wa kisiwa chetu, yapo magofu ya ngome ya karne ya 15, ambayo husemwa ni ya mtawala mkali aitwaye Mkama Ndume. Ndani ya ngome kuna kisima, na wenyeji husimulia kwamba mtawala yule alikuwa na wake wawili wenye wivu, akajenga ukuta kati ili wasikutane watekapo maji. Mmoja aliteka kwa ndoo na kamba, mwingine alishuka kwa ngazi. Hatuwezi kusema kama mambo yalikuwa hivyo hasa. Lakini twamwomba msomaji afikiri juu ya ukuta ule. Maji yalikuwa mamoja. Kila mmoja aliyanywa maji ya mwenzake kila siku, na kila mmoja aliusikia mshindo wa ndoo au wa nyayo za mwenzake. Ukuta ulizuia macho tu, kujua haukuzuia. Nyumba nyingi zimejengwa kwa namna ile ile hata leo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la jirani zetu tu. Sisi Wakristo wa kisiwa hiki ni wachache, na wengi wetu babu zetu waliingia katika Kanisa wakitoka utumwani. Ndugu wa Quaker waliponunua shamba la Banani mwaka 1897 karibu na Chake Chake, waliwapokea watu waliokuwa wamefunguliwa. Na misheni nyingine nazo zilifanya vivyo hivyo. Watu wale walibatizwa wakapewa majina mapya, nayo majina ya zamani yakasahauliwa, mengine kwa bahati mbaya na mengine kwa makusudi. Mtoto akiuliza, "Bibi, sisi asili yetu ni wapi?" hujibiwa, "Sisi ni watu wa hapa hapa, nenda ukachote maji." Twaielewa aibu ile. Lakini twasema kwa upole kwamba aibu si ya aliyeuzwa, bali ni ya aliyeuza na aliyenunua.

Yuko mmoja aliyeufungua mlango huo zamani. James Mbotela wa Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1934 alitoa kitabu kidogo, Uhuru wa Watumwa, akasimulia jinsi watu wa baba yake walivyokamatwa, wakavuka bahari, wakafunguliwa, na kukaa. Aliwaandika waziwazi, na watu waliwaheshimu zaidi kwa ajili hiyo.

Na Biblia yasemaje? Wengine hudhani ya kwamba Kitabu Kitakatifu hakina habari za namna hii. Twawashauri wakisome tena.

Twaeni Mwanzo sura ya 37. Ndugu 10 wamtupa ndugu yao shimoni, kisha waketi kula chakula. Wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha. Walichukua kanzu yake wakaichovya katika damu ya mbuzi, wakaipeleka kwa baba yao. Angalieni hila yao: hawakusema kwamba Yusufu amekufa. Waliuliza tu kama kanzu ile ni ya mwanawe, wakamwacha mzee ajidanganye mwenyewe. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipouzwa, naye alikuwa na miaka 39 siku alipojitambulisha kwao. Basi siri ile ilikaa mezani pa Yakobo miaka 22, na kila siku ilikula pamoja nao. Ilianza kufumbuka wapi? Katika sura ya 42, ndugu wale wakiwa katika shida Misri wazungumza wao kwa wao juu ya kosa lao la zamani, wakidhani kwamba yule bwana mkubwa haijui lugha yao, maana alisema nao kwa mkalimani. Naye alisikia kila neno, akaenda kando akalia. Ni mwandishi gani wa hadithi aliyepata kubuni jambo zuri kuliko hilo?

Endeleeni hata sura ya 38. Tamari yuko tayari kuchomwa moto kwa kosa la uzinzi, na hakimu wake ni Yuda, mkwewe. Mwanamke hakupiga kelele. Alituma vitu vitatu: mhuri, kamba na fimbo, akaomba waulize mwenyewe ni nani. Yuda akavitambua, maana vilikuwa vyake. Akakiri mbele ya watu kwamba mwanamke yule alikuwa na haki kuliko yeye, na Tamari na watoto wake wawili wakapona.

Na wenye Biblia zilizo na habari za Susana wasome jinsi kijana Danieli alivyowatenga wazee wawili waliomshitaki mwanamke mwenye haki, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani alimwona. Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mti mwingine, na uongo wao ukaanguka hapo hapo. Swali moja dogo liliokoa roho ya mtu.

Juu ya hayo yote, fungueni sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo, ile ambayo wasomaji wengi huiruka kwa kuwa ni majina matupu. Mle mwandishi ameandika nasaba ya Bwana wetu, naye hakuificha aibu. Tamari ametajwa. Rahabu ametajwa. Ruthu, mwanamke mgeni, ametajwa. Na yule aliyekuwa mke wa Uria ametajwa, ili tusisahau alichofanya Daudi. Mwokozi hakuzaliwa katika ukoo uliosafishwa na waandishi. Alizaliwa katika ukoo uliosema kweli.

Hata hivyo msomaji atatuuliza: "Je, mwatutuma tuende kuchimbua siri za watu?" Hasha. Hapo pana hatari, nasi twaitaja waziwazi. Mpelelezi na mdaku hufanana kwa mbali, maana wote wawili huuliza na kusikiliza. Lakini mdaku hutamka hukumu kwanza kisha hutafuta habari. Mpelelezi hutafuta habari kwanza, na hukumu hutoka mwisho. Mdaku husema kwa asiyehusika. Mpelelezi husema mbele ya anayehusika, naye mshitakiwa yupo na aweza kujibu. Mdaku hufurahi jambo likiwa baya. Mpelelezi mwema, kama Bwana Msa, mara nyingi huhuzunika alijuapo. Kijana asomaye hadithi hizi na ajifunze tofauti hiyo.

Na hapa tuirudie kanuni ya Knox. Kisiwa chetu kina sifa ya uchawi hata ng'ambo ya bahari, na mtu akifa ghafula ni rahisi kulitaja jina la jirani. Wazee wamefukuzwa katika nyumba zao kwa maneno kama hayo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale mwenye mali aonekana amekufa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kumaliza habari kwa kumtwika mzimu mzigo huo. Bwana Msa hakubali. Yeye atafuta mkono wa mwanadamu, na sababu ya kibinadamu. Hilo ni fundisho kubwa. Aisingiziaye mizimu humpumzisha mwuaji, na asingiziaye uchawi humwua mtu wa pili asiye na kosa. Mara nyingi neno "amerogwa" ni jamvi tu lililotandikwa juu ya shimo ambalo watu hawataki kulitazama: mgonjwa hakupelekwa hospitali mapema, au warithi walikuwa na haraka.

Basi siri ipi ifichuliwe, na ipi iachwe? Sisi twatoa kipimo kimoja, chenye maswali mawili: Siri hii yamlinda nani? Na siri hii yamnyima nani?

Mwanamke aliyeonewa katika ujana wake, naye hataki kuitaja siku ile, siri yake yamlinda yeye, wala haimnyimi mtu kitu. Ni yake. Asiichokoze mtu. Aliyoyasema mtu katika maungamo yamefungwa kwa muhuri, na kasisi hana ruhusa kuyatoa kwa mtu yeyote. Jirani aliyeanguka katika deni akainuka, hatuna haja ya kuwahadithia watoto wake. Siri kama hizi ni nguo ya mtu, na anayemvua mtu nguo si mtafuta kweli.

Lakini iko siri inayomlinda aliye na nguvu na kumnyima asiye nayo. Hati ya shamba iliyofungiwa sandukuni wakati yatima wa marehemu wapanga chumba. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake akiambiwa kwamba mama yake ni dada yake, naye mji mzima wajua ila yeye. Baba aliyezaa mahali pengine, akanyamaza, na sasa watoto wake wa nyumba mbili wasoma shule moja, wapendana, na hawajui. Siri ya namna hiyo haikulala. Yaendelea kula.

Kanisa limeliona jambo hili tangu zamani. Kwa nini ndoa hutangazwa Jumapili tatu? Wengi hudhani ni desturi ya kuwasifu maarusi. Sivyo. Ni ili yeyote ajuaye kizuio, hasa cha udugu wa damu, apate kukisema kabla ya kiapo. Matangazo yale ni upelelezi wa Kanisa, nao hufanywa mchana mbele ya watu wote. Lakini matangazo hayafai kitu ikiwa wanaojua wameketi kimya katika viti vyao. Twawasihi wazazi: msingoje tangazo la tatu. Ikiwa liko neno ambalo mtoto wenu apaswa kulijua juu ya kuzaliwa kwake, mwambieni kabla hajafika umri wa kuchumbia. Mwambieni nyinyi wenyewe, kwa sauti ya upendo, jioni nyumbani, asije akalisikia sokoni kwa mtu mwenye hasira. Atalia. Lakini atalia mikononi mwenu. Wenye busara wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya nyumba ni hivyo hivyo.

Sasa tumjibu mwalimu wetu. Twasema: mrudishie kijana kitabu chake, baada ya saa za shule, wala usimwambie mwuaji ni nani. Kisha ufanye na darasa lako hivi. Soma hadithi ya namna hii kwa sauti, sura moja kila juma, na ufikapo kabla ya sura ya mwisho, funga kitabu. Waulize wanafunzi waandike: ni nani, na dalili ni zipi. Asiyeleta dalili asihesabiwe, hata akiwa amebahatisha jina. Kwa njia hiyo watajifunza kwamba kumshitaki mtu bila ushahidi ni kosa, ingawa mtu mwenyewe awe mbaya kweli. Vitabu vya Bwana Msa vyafaa kwa vijana walio wakubwa, ambao wamekwisha kusoma vema. Vile vingine tulivyovitaja, Asali Chungu na Nyota ya Rehema, vina mambo mazito ya watu wazima, na mwalimu avisome mwenyewe kwanza.

Nao wazazi wasivione vitabu hivi kuwa adui wa Biblia. Kijana aliyeshikwa na fumbo la Bwana Msa yu karibu sana na habari za Yusufu. Mpeni zote mbili, kisha mwulizeni mfanano wake.

Mwezi ujao, Mungu akijalia, tutazungumza juu ya kuandika wasia, na jinsi ya kuzihifadhi hati za nyumba na shamba ili wajane na yatima wasiingie mashakani. Kabla ya hapo twaliomba kila baba na kila mama wa nyumba jambo dogo. Chukueni karatasi moja, mwandike majina ya wazee wenu kwa kadiri mnavyoyajua, waliozaliwa huru na waliozaliwa utumwani, wa ndoa na wasio wa ndoa, pasipo kuruka hata mmoja. Mkiisha, wasomeeni watoto.

Mungu awalinde katika nyumba zenu.